Huwezi kulinda kaya huku unaua wazee wake

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, viongozi wetu wa Pwani ya Kenya hupanda miche, wakapigwa picha na kurudi zao. Sina ugomvi na miche. Lakini misitu ya thamani kuliko yote tuliyobaki nayo kuanzia Kwale hadi Kilifi haikupandwa na mheshimiwa yeyote. Imebaki kwa sababu wazee walisema hapa mti haukatwi, na watu wakatii.

Nazungumzia kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wenyeji wa Pwani hii. Zamani zilikuwa vijiji vyenye ngome katikati ya msitu. Watu walipohamia nje kulima, waliacha humo makaburi, mahali pa matambiko na fingo, yaani hirizi za kulinda kijiji, zilizozikwa na waliotangulia. Msitu ukaendelea kuheshimiwa kwa ajili ya vitu hivyo.

Ukifika Kaya Kinondo, karibu na Diani, hata leo huingii ovyo. Unafunga kaniki kiunoni, unavua kofia, na unafuata anayekuongoza. Hutoki na kitu, hata jani. Tawi likianguka lenyewe linaozea papo hapo, hata kama nyumba ya jirani haina kuni. Msitu wenyewe ni mdogo, hekta 30 hivi, lakini ndani yake kuna miti mikubwa ambayo nje ilishamalizwa kwa mbao, na mbega wanarukaruka juu kana kwamba hoteli za Diani ziko nchi nyingine. Mwiko ndio uliofanya kazi hiyo, miaka mingi kabla serikali haijatangaza kaya kuwa turathi za taifa kuanzia 1992.

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika Urithi wa Dunia, na sote tukashangilia. Mwaka uliofuata, mila zenyewe za kaya ziliwekwa katika orodha nyingine: ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Hiyo ya pili ni nadra kuisikia ikitajwa jukwaani, na kwangu mimi ndiyo nzito zaidi, kwa sababu wenye mila hizo tunawaua.

Nasema tunawaua, na sitalainisha. Kwa miaka sasa, hasa Kilifi, wazee wanakatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi ukichimba unakuta shamba: kuna kijana anayetaka kuuza, na mzee ndiye aliyesimama njiani. Kuna wanaume wanaopaka piko, rangi nyeusi ya nywele, vichwani, si kwa urembo, ila kuficha mvi zisiwaponze. Kule Kaya Godoma, Ganze, ilibidi kiwepo kituo cha kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao. Hebu fikiria mtu wa umri wa kupewa kiti cha kwanza barazani, analala ugenini kwa kumwogopa mtoto aliyemzaa.

Sasa nani atamwambia kijana wapi pasipokanyagwa, ni tambiko gani la kuomba mvua, aliyekata mti anatozwa nini? Elimu ya kaya hupokewa kwa kukaa na wazee, taratibu, mpaka wenyewe waone umeiva. Mzee akiuawa leo, kipande chake kinakwenda naye kaburini.

Jambo moja linaniuma sana. Vigango, zile nguzo za kuchonga zinazosimamishwa kwa heshima ya wazee waliofariki, viliibwa vingi vikauzwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka makumbusho za Marekani, na vikapokewa kwa shangwe. Ilikuwa haki kabisa. Lakini tunavukaje bahari kutafuta nguzo ya mzee aliyekufa, halafu aliye hai tunashindwa kumlinda uani kwake?

Wengine watasema tuweke askari na ua, basi. Askari wanahitajika, sikatai. Lakini kaya ni nyingi, ndogo, zimetawanyika kati ya mashamba na machimbo. Askari mmoja akizunguka huku, msumeno unalia kule. Mlinzi wa kweli ni jirani anayeona kukata mti ni kosa hata kama hakuna anayemtazama. Na jirani huyo lazima naye ale. Kinondo wamepokea wageni tangu 2001 na vijana wa hapo wanapata kazi ya kuwaongoza. Si mbali na hapo, Gazi na Makongeni wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani wanalipwa kwa kutunza mikoko yao inayofyonza hewa hiyo, na fedha zimeingia katika maji na shule. Sitaki kila kaya igeuzwe kivutio cha watalii. Zipo sehemu ambazo mgeni hapaswi kuziona kamwe. Ila wazee wakiamua wenyewe mlango upi ufunguliwe, na mapato yakaonekana kijijini, kijana ana sababu ya kumtaka babu yake aishi.

Uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Mgombea akija kwenu na miche yake, mpokeeni, kisha mumwulize mambo matatu: kesi za mauaji ya wazee katika wadi yenu zimefikia wapi, mipaka ya kaya yenu imepimwa na kuwekewa alama lini, na walinzi wa kaya wametengewa shilingi ngapi katika bajeti ya kaunti.