Sanamu za Mkunazini: zibaki, lakini hadithi yake ikamilishwe

Anayetaja sanamu za Mji Mkongwe wa Unguja kwa kawaida hukusudia kundi moja tu: watumwa watano waliosimama ndani ya shimo katika uwanja wa Kanisa Kuu la Kianglikana, Mkunazini, kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Shingoni wamefungwa mnyororo wa chuma unaoelezwa kuwa ni wa zama hizo hizo za utumwa, na kwa kuwa shimo liko chini ya usawa wa ardhi, anayewatazama hulazimika kuinamisha macho.

Wanaozipinga wana hoja za kusikilizwa. Kisiwa cha Waislamu hakikuzoea kuchonga sura za watu, na kumbukumbu zake ni majumba, makaburi na minara, kama ule wa Michenzani wa miaka 50 ya Mapinduzi. Wengine husema kuwa kazi ya mgeni, iliyowekwa mahali pa kulipia kiingilio, inazungumza na watalii kuliko wenyeji. Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaohofia kuwa lawama yote itabandikwa kwa kabila moja, katika visiwa ambavyo ukoo mmoja huweza kuwa na damu ya bwana na ya mtumwa.

Hata hivyo, hoja ya kuwa majumba yanatosha kuwa kumbukumbu hainikai. Majumba hayo yalikuwa ya mabwana. Mtumwa hakuacha mlango wa nakshi, wala kaburi lenye jina lake, na pasipo shimo lile la Mkunazini mgeni angeweza kuzunguka vichochoro vyote akaondoka akiamini kuwa utajiri ule ulijijenga wenyewe.

Kasoro naiona kwenye masimulizi ya haraka haraka yanayozizunguka. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, na kanisa likaanza kujengwa hapo hapo. Basi msikilizaji huondoka akidhani kuwa utumwa uliishia mlangoni mwa kanisa. Kilichokatazwa wakati ule ni biashara. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897, miaka saba tangu Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, na fidia wakalipwa mabwana, si watumwa. Vyumba vya chini ya jengo la jirani, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa ni mahabusu ya watumwa, navyo vinabishaniwa na wanahistoria, kwa sababu jengo hilo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Kumbukumbu ya jambo zito namna hii haihitaji kutiwa chumvi.

Kwa hiyo sanamu zibaki zilipo, ila pembeni yake mwaka 1897 uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa sawa na 1873. Mashamba ya karafuu nayo yatajwe, hasa ya Pemba, ambayo ilishika uongozi wa zao hilo baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja. Watumwa wengi hawakuishia sokoni. Waliishia mashambani, na huko ndiko alama ya pili inakostahili kusimamishwa, kwa mikono ya Wapemba wenyewe na kwa umbo watakaloliafiki, hata lisipokuwa na sura ya mtu.