Megawati 20 na Mchanga wa Sabaki

Megawati 20! Ukisikia zinavyotajwa majukwaani utadhani Thwake, lile bwawa la Makueni kwenye mto Athi (huku pwani tunauita Sabaki), litawasha pwani nzima. Bwawa la Gitaru peke yake, kule juu ya mto Tana, ni megawati 225. Na hizo 20 zenyewe ni awamu ya pili: bwawa kwanza, umeme baadaye, inshallah.

Sina ugomvi na umeme wa maji. Unashinda dizeli kwa mbali, na yale makaa ya mawe ya Lamu yalifutiwa leseni 2019, alhamdulillahi. Ugomvi wangu ni hesabu zinazoishia ukutani mwa bwawa, kana kwamba mto huko chini hauna wenyewe.

Tazameni Ozi, kijiji cha karibu na mdomo wa Tana, mto ambao tayari una mabwawa. Mpunga wa Ozi haumwagiliwi kwa pampu. Bahari ikijaa huyasukuma nyuma maji matamu ya Tana, yakapanda mferejini, yakaingia majarubani, ikipwa, yanatoka. Mtambo wa bure, hautaki fundi wala tokeni. Sharti lake ni moja tu, mto uwe na nguvu. Ukilegea, bamvua, yale maji makuu ya bahari, huingiza chumvi, na mpunga huanza kukauka ncha za majani. Watu wa mabwawa watakwambia bwawa la Masinga, tangu 1981, limeongeza maji ya kiangazi. Haya, ni kweli, nawapa hiyo. Lakini kuosha chumvi ardhini na kutandaza tope jipya ni kazi ya mafuriko ya Mei. Mkondo mwembamba wa Februari hauiwezi.

Kwa nini basi watu wa mabwawa hawayaachilii mafuriko hayo? Bwawa la mwisho kwenye Tana ni Kiambere, megawati 168, maji yakianguka kama mita 150. Mita moja ya ujazo hapo hutoa uniti (kilowati-saa) 0.36 hivi. Mitambo ikifunguliwa yote haimezi zaidi ya mita 130 za ujazo kwa sekunde. Zinazozidi hupita kando bila kutoa hata uniti moja. Ukiongeza 100 juu ya hizo kwa siku kumi, umemwaga mita za ujazo milioni 86, yaani uniti milioni 31. Zidisha kwa bei, utaona kwa nini mhasibu hataki kusikia habari ya Ozi. Ila mwaka wa mvua kubwa maji hayohayo humwagika bure, tena kwa pamoja, na watu wa Garsen, huku chini ya Tana, wanaambiwa wahamie penye mwinuko! Yangeanza kuachiwa kidogokidogo wiki tatu mapema, hasara ingekuwa ndogo na mashamba yangepona. Anayeogopa kubahatisha mvua ana haki ya kuogopa, maana masika yakimkosa tutarudi kwenye dizeli na bili zitapanda.

Sasa ni zamu ya Sabaki. Wenye mahoteli wa Malindi wanalalamika bahari kuwa nyekundu wakati wa mvua. Thwake itawafurahisha, maana tope litabaki Makueni. Lakini pamoja na tope utabaki mchanga, uleule uliojenga vilima vya Mambrui, na ambao ndani yake vimechimbwa visima vya Baricho vinavyoinywesha Malindi na Mombasa. Mto ulionyimwa mchanga huchimba sakafu yake wenyewe, na maji ya kisimani hufuata kushuka. Kwa hiyo kanuni ya kufungulia iandikwe kwenye kibali kabla bwawa halijajazwa: mwezi gani, mita ngapi kwa sekunde, siku ngapi, na malango ya chini yasukume mchanga mara ngapi kwa mwaka.