Kabla ya kuomba vinanda Ulaya, tupate mafundi Moshi

Habari zikivuma kwamba kanisa fulani la Ujerumani au Uingereza linafungwa na kinanda chake cha mabomba, kile kikubwa kinachoimba kwa upepo unaosukumwa kwenye mabomba, kinatafutiwa pa kwenda, hapa Moshi hakosekani mtu wa kusema, "Tukiombe basi, kije kwetu." Nami natamani kije. Ila msimamo wangu ni huu: tusiombe hata kimoja kabla hatujawa na fundi wetu, na fundi huyo aanze na vinanda vya kukanyaga kwa miguu vinavyoozea stoo katika sharika za huku mlimani.

Kinanda cha mabomba hakishushwi kwenye lori na kuchomekwa ukutani kama jokofu. Mabomba ya bati lililochanganywa na risasi ni laini, yakilazwa vibaya yanabonyea. Mivukuto ina ngozi, na ngozi hukauka. Hata hali ya hewa ina neno: joto likipanda, sauti ya mabomba ya kawaida hupanda nalo, ilhali yale yenye ndimi za shaba hayaendi sambamba nayo. Kinanda kilichopatanishwa sauti zake Arusha kwenye baridi ya Julai kitakuwa na ugomvi ndani yake ifikapo Februari. Nani atakipatanisha?

Wafilipino wametuonyesha njia. Kinanda cha Las Piñas, karibu na Manila, alichokijenga padri Diego Cera kati ya 1816 na 1824, kina mabomba 1,031, na 902 kati yake ni ya mianzi. Kilipochakaa kilipelekwa Bonn, Ujerumani, kwenye karakana ya vinanda ya Klais, mwaka 1973, kikarudi 1975. Hawakuishia hapo. Walisomesha watu wao ufundi huo Ulaya, na leo nchi yao ina karakana yake ya vinanda.

Sasa fungua kinanda cha kukanyaga uone kama hakifai kuwa darasa. Ukitoa ubao wa nyuma, mara nyingi unakutana kwanza na kiota cha panya. Ndani zaidi kuna safu ya vijumba vyembamba, kila kimoja na ulimi wake wa shaba. Ulimi uliokaa kimya miaka na miaka huenda hauna ugonjwa wowote ila vumbi lililonasa pembeni. Uvute kwa kindoano, upitishe brashi laini, urudishe, kanyaga: unaimba. Sauti ikiwa chini, unakwangua kidogo sana kwenye ncha. Ikiwa juu, unakwangua karibu na shina. Seremala mwenye sikio zuri analiweza hili.

Kinachonitia uchungu ni viraka. Nimeona mvukuto umezibwa kwa tyubu ya baiskeli na gundi isiyobanduka. Mpira ule umekakamaa, mvukuto haukunjiki tena, na kuutoa ni kupasua mbao. Waliokiunda walitumia gundi ya ngozi za wanyama, ile ya kupashwa moto, ili fundi wa miaka hamsini baadaye aibandue kwa maji moto bila kuumiza kitu.

Na ngozi? Moshi hii hii yenye kiwanda cha viatu pale Karanga haiwezi kusema haina watu wanaoijua ngozi. Mvukuto unataka ngozi nyembamba na laini, ya kondoo kwa mfano, na mkono wenye subira.

Kwa hiyo wenzetu wa Ulaya wakituuliza tunahitaji nini, tusitaje kontena la kinanda. Ujerumani kijana husomea ufundi wa vinanda miaka 3 na nusu, na katika mji wa Ludwigsburg kuna shule ya kazi hiyo; mwaka 2017 UNESCO iliuorodhesha ufundi huo kama urithi. Tuwaombe nafasi mbili za vijana wetu, na nauli.

Wakati tukisubiri, wazee wa kanisa, nawaomba: kinanda cha zamani kisikae juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu. Kiinueni, kikagueni mchwa, kifunikeni kwa kitambaa wala si nailoni, na mbao zake asipewe mtu wa kutengeneza kabati.