Bawa moja linatosha kumpa nyuki wa kale jina?

Yule nyuki mweusi mnene anayetoboa boriti za nyumba zetu hapa Tukuyu si bombasi. Bombasi ni nyuki wanene wenye manyoya wa jenasi ya Bombus. Spishi zao zilizo hai ni zaidi ya 250, na Afrika kusini mwa Sahara hawana asili. Hata hivyo, mabishano kuhusu mababu zao waliotoweka nimeyafuatilia kwa hamu, kwa sababu nyanda zetu za juu zimewahi kupitia mabishano ya aina hiyohiyo. Wataalamu huchukua bawa lililobaki kwenye jiwe, hulipima, kisha hutangaza spishi mpya. Wapo wanaoona hiyo ni sayansi safi, na wapo wanaoona ni kujenga nyumba juu ya tofali moja.

Kwa nini bawa? Nyuki akizama ziwani na tope likamfunika, mwili hupondeka na rangi hupotea. Viungo vya uzazi vya dume, vinavyotegemewa sana kutenganisha bombasi walio hai, mara nyingi havionekani tena. Bawa ni bapa na kavu tangu nyuki akiwa hai, kwa hiyo hudumu. Mtaalamu huweka alama kwenye makutano ya mishipa yake, halafu hesabu huondoa tofauti za ukubwa na mwelekeo mpaka libaki umbo tupu. Umbo hilo ndilo hulinganishwa na mabawa ya nyuki wanaojulikana. Vipimo vya namna hiyo vilitumika kumtambulisha Bombus randeckensis wa Ujerumani mwaka 2012 na Bombus cerdanyensis wa Hispania mwaka 2014.

Nguvu ya njia hii nimeiona kwa macho yangu. Nilibandika kwa selotepu mabawa mawili ya mbele kwenye karatasi nyeupe, moja la nyuki wa kawaida wa mzingani, la pili la nyuki wadogo wasiouma, nikawapa wanafunzi lenzi ya mkononi. La kwanza lina vyumba vitatu vilivyopangana, na juu yao chumba kirefu chembamba kinachokimbilia ncha ya bawa. La pili mishipa yake inaanza vizuri, kisha inafifia katikati kama kalamu iliyoishiwa wino. Hakuna mwanafunzi aliyeyachanganya, na sikuwa nimewafundisha lolote. Kwa makundi makubwa ya nyuki, basi, bawa halina ubabaishaji.

Shida huanza tunaposhuka hadi spishi. Hesabu nyingi za kulinganisha maumbo hulazimika kuchagua kundi moja kati ya yaliyomo kwenye orodha. Ukiwa na masanduku matatu tu, Mnyakyusa, Msafwa na Mndali, Mkinga aliyeshuka leo kutoka Makete ataishia kwenye mojawapo, na karatasi itaonyesha amepata mahali pake. Nyuki wa ukoo uliokufa bila kuacha kizazi anaweza kukumbwa na hilohilo na kusogezwa kwa jirani aliye hai. Tena jiwe lenyewe huweza kuvuta bawa upande mmoja. Hesabu inayoondoa ukubwa na mwelekeo haiondoi mvuto huo.

Hapo ndipo namkumbuka kipunji, kima wa misitu ya Mlima Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua tangu zamani. Wanasayansi walimwelezea mwaka 2005 kwa picha tu, wakamweka kwenye jenasi ya Lophocebus, pamoja na kima wembamba wa miti waitwao mangabi. Kisha kipunji mchanga akanaswa na kufa katika mtego wa mkulima huko Rungwe, na mwaka 2006 vinasaba vyake vikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida, ingawa fuvu halifanani na la nyani. Akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Anayepinga majina ya bawa moja ana haki ya kuuliza: kama mwili mzima uliweza kutupotosha, sembuse bawa?

Lakini habari haikuishia hapo. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba vinasaba vya mitokondria, vinavyorithiwa kwa mama, katika kipunji wa Rungwe huenda viliingia kwa kuzaliana na nyani zamani. Vinasaba navyo vilihitaji kuhojiwa. Mwenye kisukuku cha bombasi wa mamilioni ya miaka hana hata nafasi ya kuvihoji, ana umbo peke yake. Kumwambia asubiri ushahidi bora ni kumwambia asubiri milele.

Na sisi wenyewe tumekubali kidogo kama hicho. Katika miamba ya Nsungwe, bonde la Rukwa, yenye umri wa takriban miaka milioni 25, walitambuliwa mwaka 2013 Rukwapithecus, wa ukoo wa sokwe, kwa kipande cha taya chenye meno, na Nsungwepithecus, wa ukoo wa kima na nyani, kwa kipande cha taya chenye jino moja. Jino hilo lina uzito kwa sababu meno ya jamaa zake yamelinganishwa kwa muda mrefu na watu wengi.

Kwa hiyo naegemea upande wa bawa, kwa sharti. Kulitaja kundi kubwa, sawa. Kulipa jina la spishi, sawa pia, ili tuwe na namna ya kulizungumzia, mradi uwezekano wa kukosea uandikwe kando ya jina. Nisichokubali ni bawa moja lililopinda kutumika kama nanga, yaani umri wa jiwe lake uwe msingi wa kuhesabia umri wa ukoo mzima. Makadirio ya vinasaba huweka chimbuko la bombasi walio hai kati ya miaka milioni 25 na 40 iliyopita, na nanga ikihama, miaka yote iliyofungwa kwake inahama nayo.

Nguvu ya kipimo inategemea mabawa ya kulinganishia. Karatasi ya wanafunzi wangu ina mawili. Wiki ijayo tunaongeza la yule mtoboa boriti.