Pedali ya Jirani

Watu wanaokuja kutazama mashindano ya fidla ya vijana hudhani hofu kubwa ya nyuma ya pazia ni uzi kukatika. Wala. Uzi una utaratibu wake. Uzi wa E, mwembamba kuliko wote, ni wa chuma, unene wake karibu robo milimita, na ukikazwa mpaka kwenye sauti yake unavutwa kwa uzito wa karibu kilo 8. Hukatikia pale unapopinda, ama juu mwanzoni mwa shingo ama chini kwenye kidaraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Kila mtoto ana wa akiba kwenye kasha lake, mwalimu wake anao mwingine, nasi wa jukwaani tuna droo nzima. Unafungwa, unakazwa, unakazwa tena kwa sababu uzi mpya hauachi kulegea, majaji wanakunywa maji, mtoto anarudi kupiga. Julai 1986, huko Tanglewood, Marekani, mpiga fidla Midori akiwa na miaka 14 alikuwa akipiga Serenade ya mtunzi Leonard Bernstein, Bernstein mwenyewe akiongoza okestra. Uzi wa E ukakatika. Akachukua fidla ya kiongozi wa wapiga fidla. Ukakatika na huo. Akachukua ya msaidizi wa kiongozi, akamaliza kipande, na habari ikatoka ukurasa wa mbele wa New York Times. Tangu hapo kila mtoto wa fidla anajua la kufanya uzi ukimkatikia.

Ila hakuna aliyewafundisha la kufanya kurasa za mpiga piano zikianza kujifunua zenyewe.

Mashindano ninayosimulia si yale makubwa aliyoyaanzisha mpiga fidla Yehudi Menuhin mwaka 1983 huko Folkestone, Uingereza. Haya ni madogo, ya mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani: watoto wa chini ya miaka 16 kutoka nchi mbalimbali, majaji watano, fainali moja, halafu washindi wanazungushwa kwenye mfululizo wa matamasha ya miji ya jirani. Jina nalihifadhi, maana bado wananilipa. Kazi yangu pale ni jukwaa: kuweka kiti cha piano, kuinua kifuniko chake, kufungua mlango, kumnong'oneza mtoto kwamba zamu yake imefika. Kwenye taa alikuwa mwenzangu, kijana wa Mombasa, tukizungumza kwa vifaa vya masikioni.

Kasheshe ilianzia kwa wapiga piano. Mtoto akija kushindana si lazima aje na wake. Anapewa mmoja wa wapiga piano rasmi, wanafanya mazoezi kidogo, kesho yake wanapanda jukwaani. Sisi tulikuwa nao watatu, na kila mmoja amebebeshwa vipande vya watoto kumi na ushee. Zamani mzigo huo ulikuwa makaratasi, na ubavuni mwa piano alikaa mtu wa kufunua kurasa. Siku hizi kuna kishikwambi juu ya piano na pedali ndogo sakafuni, kushoto kwa pedali za piano zenyewe, kwa kuwa mguu wa kulia una shughuli zake. Pedali hiyo ina vitufe viwili: cha kulia kinapeleka ukurasa mbele, cha kushoto kinaurudisha nyuma. Inazungumza na kishikwambi kwa Bluetooth, na wakishakubaliana inawasha kitaa cha buluu. Kitaa hicho kinakwambia pedali imeunganishwa. Hakikwambii na nani.

Waandaaji walikuwa wamenunua pedali tatu kwa mkupuo mmoja, zote nyeusi, zote za aina moja, kwa hiyo zote zinajitambulisha kwa jina lile lile. Siku za mazoezi kila mpiga piano aliokota iliyo karibu. Mwisho wa yote, kila kishikwambi kilikuwa kimezoeana na pedali zote tatu, na kishikwambi kikishazoeana na pedali hakibishi hodi tena: inayoamka kwanza ndiyo yake. Pedali nazo, ili kuokoa betri, hulala zisipoguswa kwa muda. Asubuhi tulizijaribu, zikafanya kazi barabara. Kisha kukawa na mapumziko ya chai, na zote zikalala.

Mpiga piano aliyekuwa jukwaani nitamwita Mzee wa Miwani. Kishikwambi chake alikiacha wazi juu ya piano wakati wa chai. Nyuma ya ukuta wa mbao, pembeni kabisa mwa jukwaa, kuna chumba cha mazoezi, na humo aliwahi kuingia mpiga piano wa pili, Bwana Sonata, kujifua ile Sonata ya César Franck ya mwaka 1886. Sehemu yake ya pili ni balaa kwa piano: nota zinamiminika, mikono haipumziki, na kila ukurasa unaisha mahali pabaya. Bwana Sonata aliwasha pedali yake kabla hajatoa kishikwambi mkobani. Pedali ikatafuta mwenyeji, ikakiona kile cha jukwaani, mita chache tu kupita mbao. Wakaungana. Ndipo akatoa chake, nacho kikaanza kutafuta, na dakika hiyo hiyo Mzee wa Miwani anaketi kwenye piano na kuigusa pedali yake kwa ncha ya kiatu ili iamke. Ikaamka, ikaenda kwa jirani. Kila mmoja akatazama chini, akaona buluu, akaridhika.

Binti aliyepanda alikuwa na miaka 12, gauni la kijani, fidla ya ukubwa kamili ambayo hajaihamia muda mrefu kutoka ile ya robo tatu. Kipande chake kilikuwa Zigeunerweisen ya Pablo de Sarasate, ya mwaka 1878. Kina sehemu nne. Ya kwanza ni ya mbwembwe. Ya pili, Lento, yaani polepole, fidla inaenda inavyotaka, inapanda na kushuka kwa nota nyingi zisizo na mwendo maalumu, na mpiga piano anashikilia nota zake akisubiri, sikio wazi, mpaka mtoto atue. Ya tatu hupigwa fidla imevishwa kile kimpira cheusi kinachokaa nyuzini nyuma ya kidaraja. Ukikisukuma kikaja kukumbatia kidaraja, sauti inafifia. Kabla ya sehemu ya nne lazima kirudishwe nyuma upesi, maana ya nne ni mbio tupu, na humo vidole vya mkono wa kushoto vinadonoa nyuzi huku upinde bado uko kazini.

Ya kwanza ikaenda salama. Katikati ya Lento, nyuma ya ukuta, Bwana Sonata alifika mwisho wa ukurasa wake wa kwanza. Akakanyaga. Ukurasa wake haukusogea. Wa Mzee wa Miwani ukasogea.

Mzee akaurudisha kwa kidole. Bwana Sonata akakanyaga tena. Ukasogea tena. Akaurudisha. Mimi nimesimama mlangoni naona tu mtu mzima anapapasa kioo, nikadhani kina vumbi.

"Kaka," ikaja sauti ya Mombasa sikioni, "kurasa zajifunua pekee hizo. Huyo ni jini."

"Jini gani Ujerumani?"

"Wapo. Hawaombwi viza."

Mzee akakumbuka ana pedali. Akakanyaga kitufe cha kushoto, kile cha kurudisha nyuma. Nyuma ya ukuta, ukurasa wa Bwana Sonata, uliogoma kwenda mbele, ukarudi nyuma. Hapo Bwana Sonata akaingiwa na hasira za kitaalamu. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vya kisigino kigumu. Ukumbi mzima ukaanza kusikia du, du, du, na jaji wa pembeni akageuka kutazama mabomba ya joto.

Binti akaingia sehemu ya tatu, kimpira kimekaa vizuri, sauti imefifia, kwa hiyo du-du-du ikasikika vizuri zaidi.

Sasa, programu zile za nota hupanga vipande kwa orodha ya siku. Ukipita ukurasa wa mwisho wa kipande kimoja, inafungua kinachofuata. Kilichofuata kilikuwa cha mtoto mwingine: Konseto ya 5 ya fidla ya Mozart, ya mwaka 1775, iliyo katika A meja. Binti akarudisha kimpira, akavuta pumzi, akaingia mbio za mwisho, zinazoanza katika A maina. Mzee wa Miwani akainua macho na kukutana na Mozart.

Kwa asiyesoma nota: A meja na A maina zinaanzia nyumba moja, lakini nota ya tatu ya meja ni C shapu na ya maina ni C ya kawaida. Zikipigwa pamoja meno yanauma. Mpiga piano mzoefu ana mikono inayosoma kabla ya kichwa, na mkono wa kulia wa Mzee ulikuwa umeshasoma. Majaji wanne waliinua vichwa. Wa tano alikuwa anaandika. Akaandika kitu akakikata.

Uzoefu ni dawa, lakini. Katika mbio zile mkono wa kushoto wa piano unapiga chini-juu, chini-juu, na Mzee amekisindikiza kipande hicho kwa watoto wasio na idadi. Akafumba macho akapiga kwa kichwa. Binti yeye hakugeuka hata mara moja. Alifanya kitu ambacho watoto wote wa fidla hufanya wakisikia piano imepotea: aliongeza mwendo ili afike nyumbani mapema.

Ni wakati huo nilipogundua kwamba kila du ya ukutani ina ukurasa wake. Du, Mozart anasogea. Du, Mozart anasogea. Nikauacha mlango nikakimbilia chumba cha mazoezi.

Bwana Sonata alikuwa amesimama. Ameiacha piano kabisa, ameshika kiti kwa mikono miwili, anakanyaga pedali kwa mguu mmoja kama anayeua nge.

"Toa mguu, tafadhali!"

"Kijana, huu ni ubovu wenu! Nikitaka mbele haiendi, nisipotaka inarudi nyuma!"

Kumweleza habari za Bluetooth kungechukua muda mrefu kuliko kipande kilichobaki. Niliinama nikaizima pale pale mguuni pake.

Jukwaani, kishikwambi kikagundua kimepoteza pedali. Kikatoa tangazo la heshima, kisanduku cheupe katikati ya nota, kinachoomba kibonyezwe "sawa" kabla ya kuendelea. Mzee wa Miwani, mikono yote miwili ikiwa kazini, alikuwa anafika sehemu ambayo haikumbuki vizuri na ndiyo kwanza amefumbua macho. Kioo cha kishikwambi kinatambua ngozi. Mkono wa shati hakiutambui. Hakijali hata hivyo ni ngozi ya wapi. Mzee akainama, akabonyeza "sawa" kwa pua. Akaurudisha ukurasa kwa pua. Ukaruka miwili. Akaupeleka mmoja mbele, kwa pua, miwani imeshuka mpaka mdomoni. Kutoka viti vya ukumbini ilionekana anakibusu kishikwambi, na mama mmoja safu ya mbele akatoa kitambaa cha machozi.

Wakamaliza pamoja. Tena kwa kishindo.

Kanuni zilikuwa wazi: hitilafu isiyotokana na mshindani inampa haki ya kuomba kurudia kipande. Majaji wakamwita binti wakamuuliza kama atapenda kurudia. Akataka kujua kama amekosea mahali. Wakamwambia hapana. Basi asante, akasema, vidole vya mkono wa kushoto vimechoka. Alipata nafasi ya pili, na kwa masikio yangu ilikuwa haki. Aliyeshinda alikuwa na Bach safi sana. Jaji mmoja, mtunzi wa muziki wa kisasa, alinifuata baadaye akitaka kujua toleo lile la Sarasate limechapishwa wapi.

Dawa yenyewe ni ndogo. Unaingia kwenye kila kishikwambi, unafuta pedali zote kilizowahi kuzizoea, unaunganisha moja tu huku nyingine zimezimwa, na kama programu au pedali inaruhusu, unaipa jina lake na kuizuia isilale. Kila baada ya mapumziko unakanyaga mara moja huku unatazama kioo, kitaa usikitazame kabisa. Na nota za karatasi zinakaa juu ya piano hata kama hakuna atakayezigusa. Yote hayo tuliyaandika. Waandaaji wao wakaona ni mengi, wakanunua utepe wa rangi, kila mpiga piano achague rangi yake na kuibandika kwenye pedali yake. Wakachagua wote watatu nyeusi, kwa hoja kwamba ndiyo yenye heshima jukwaani.

Kwa hiyo matamasha yalipoanza, Mzee wa Miwani alikataa vifaa vyote, akarudi kwenye karatasi, na ufunuaji ukaniangukia mimi. Unakaa kushoto kwake, nyuma kidogo ili usimzibe. Unasimama mistari miwili kabla, unashika kona ya juu ya ukurasa kwa mkono wa kushoto ili mkono wako usipite mbele ya macho yake, na hufunui mpaka atikise kichwa. Vidole huvilambi. Tatizo ni kwamba Mzee hutikisa kichwa pia akifurahia muziki, kwa hiyo tulikubaliana kwamba kutikisa ni furaha na kukohoa ndiyo amri.

Tamasha la kwanza lilikuwa kanisani, kijiji chenye baridi ya kutosha kuyumbisha sauti ya piano yenyewe. Binti alifika na gauni lile lile la kijani. Kabla hajafungua kasha la fidla alizunguka akifungua milango, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamkuta mchungaji ofisini kwake anakunywa chai. Akamuuliza kwa adabu kama humo ndani kuna pedali yoyote. Mchungaji akafikiri kidogo, akamjibu zipo 30, zote za kinanda kikubwa cha kule juu, na hakuna hata moja inayotumia betri.