Upepo na Sola: Swali Ni Saa, Si Uniti

Anayetaka umeme mbali na gridi siku hizi hupewa ushauri mfupi: ongeza paneli, achana na upepo. Ushauri huo una msingi. Bei ya paneli imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu 2010, tena paneli haina beringi ya kulika wala panga la kuvunjika. Kinu kidogo cha upepo kikifungwa juu ya paa, kwenye upepo uliokwisha kuvurugwa na miti na majengo, ni hasara tupu. Nguvu ya upepo ni kasi mara kasi mara kasi: upepo wa mita 6 kwa sekunde ukishuka hadi 3, inabaki sehemu moja tu ya nane. Asiye na mlingoti mrefu asinunue.

Ila hesabu ya ushauri huo hujumlisha uniti (kilowati-saa) za mwaka mzima bila kuuliza zinakuja saa ngapi. Uniti ya saa saba mchana, betri ikiwa tayari imejaa, haina wa kuitumia. Ya saa tisa usiku inatumika yote.

Chukua betri ya risasi ya volti 12. Ikijaa na kutulia, mita husoma karibu 12.7. Baada ya usiku wa taa na friji inasoma 12.1, yaani iko nusu. Mawingu yakitanda siku tatu mfululizo haijai tena, na salfeti, chumvi ya risasi inayotokea betri ikitumika, huganda kuwa fuwele ngumu kwenye sahani zake. Betri nyingi hufa hivyo, kabla ya umri wao. Ukiongeza paneli maradufu, siku za mawingu utapata nafuu, nakubali. Usiku, maradufu ya sifuri ni sifuri. Kinu kikitoa wati 100 tu kwa muda wa saa kumi za usiku huingiza uniti moja. Betri hiyo ya volti 12, ikiwa ya ampea-saa 100, hubeba uniti 1.2 (12 mara 100 ni wati-saa 1,200); ukiitumia hadi nusu, inakupa uniti 0.6. Kwa hiyo kinu hicho kinyonge kimeokoa betri moja na zaidi, na betri ndiyo inayonunuliwa tena na tena.

Betri ya lithiamu huvumilia kukaa nusu, hivyo hoja ya salfeti haiihusu. Ya usiku inabaki.

Penye mawingu na utulivu wa hewa kwa pamoja, kinu hakisaidii kitu. Pima upepo mwaka mzima kwanza, kwa kimo kile kile cha mlingoti. Na kuna jambo wauzaji hulipitia haraka: betri ikijaa, paneli unaikata tu, lakini kinu kilichokatwa bila mzigo huweza kuzunguka kasi mno hadi kujivunja. Kinahitaji breki au kipasha-joto cha kumeza ziada, gharama ambayo mwenye sola haijui. Angalau hicho cha pili kinachemsha maji.