Msimwite James Earl Jones Sauti Tu

James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani, alipofariki tarehe 9 Septemba 2024, akiwa na miaka 93, rambirambi za mtandaoni zilikuwa karibu zote za namna moja: sauti imezimika, sauti ya dhahabu, sauti ya radi. Nilizisoma hadi usiku wa manane. Zilinigusa, lakini pia ziliniudhi. Zinamfanya aonekane kama mtu aliyeokota kitu njiani: kazaliwa na koo zuri, kafungua mdomo, dunia ikamsikiliza. Sivyo ilivyokuwa. Mtu huyu alikaa karibu miaka minane ya utoto wake bila kusema.

Mimi nina kigugumizi. Naliweka wazi mapema ili msomaji ajue kinachonisukuma kuandika. Herufi inayonitesa ni M, na katika Kiswahili M huwezi kuikimbia: mama, maji, mwalimu, mimi. Darasani tulipokuwa tunasoma kwa zamu, kila mtu aya yake, sikuwahi kuisikia hadithi yenyewe. Nilikuwa nahesabu vichwa vilivyo mbele yangu, nahesabu na aya, naitafuta yangu na kuikagua kama inaanza na M. Ukubwani nikazoea kuagiza ninachoweza kukitamka, si ninachokitaka. Kwa hiyo nilipoanza kusoma maisha ya Jones, kilichonishika si ile ngurumo yake. Ni kile kimya.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, Mississippi. Baba yake, Robert Earl Jones, aliiacha familia mapema mno, mtoto hajapata hata kumjua, akaenda kutafuta maisha na hatimaye akawa mwigizaji. Mtoto akalelewa na babu na bibi upande wa mama. Alipokuwa na miaka kama mitano wakahama naye hadi shambani Michigan, kama zilivyohama familia nyingi za Wamarekani weusi miaka ile kutoka majimbo ya kusini kwenda kaskazini. Katika kuhama huko ndipo kigugumizi kilipomfunga ulimi. Shuleni alijibu kwa maandishi. Nyumbani alizungumza na wanyama wa shamba, na wanyama hawamcheki mtu.

Alipofika sekondari akakutana na mwalimu wa Kiingereza aitwaye Donald Crouch, ambaye aligundua kwamba kijana huyu asiyesema anaandika mashairi. Moja lilikuwa la kulisifu balungi, tunda lililosafirishwa kutoka Florida hadi kwenye baridi ya Michigan. Crouch akamwambia: shairi hili ni zuri kupita kiasi, siamini kama ni lako. Ukitaka niamini, simama mbele ya wenzako ulighani kwa kichwa. Kijana akasimama. Akaghani mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

Nimebishana na watu kuhusu mwalimu huyu. Wapo wanaoona alikuwa mkatili, na nawaelewa, maana nami niliwahi kusimamishwa mbele ya darasa nisome kitabu nisichowahi kukiona, na mwalimu aliyenisimamisha akacheka pamoja na wenzangu. Lakini Crouch hakufanya hivyo. Alimpa kijana maneno yake mwenyewe, aliyoyapanga kwa mizani, aliyoyajua kwa moyo, na kitu cha kutetea: heshima yake kama mtunzi. Mwenye kigugumizi yeyote atakwambia kwamba maneno yenye mahadhi hupita mahali ambapo mazungumzo hukwama. Wengi wetu tunaimba bila tatizo lolote. Na Crouch hakuishia siku ile. Aliendelea kumsomesha kwa sauti, akamwingiza kwenye midahalo, mpaka ulimi ukaanza kumtii.

Naomba neno "kumtii" lisieleweke kama kupona. Jones mwenyewe hakuwahi kudai kwamba amepona. Alisema anaishi na kigugumizi chake, anafanya kazi nacho, na ndiyo sababu huchagua maneno kwa uangalifu. Ukiwa na kigugumizi, kila neno lina gharama. Huwezi kulitupa. Ukimsikiliza kwa sikio hilo utaona kwamba unaousifu si uzito wa sauti peke yake. Ni mtu anayelipima neno kabla halijatoka, na akishalitoa halirudishi nyuma.

Chuo Kikuu cha Michigan alikwenda akitaka udaktari, akahamia uigizaji. Akatumikia jeshi kama ofisa, akafanya kazi za nyuma ya jukwaa katika ukumbi wa Ramsdell kule Manistee, kisha akaenda New York, akasomea uigizaji huku akifagia na kusafisha majengo ili apate kula. Mwaka 1958 alipata nafasi ndogo Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, ya mtumishi wa nyumba katika tamthilia kuhusu Franklin Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani. Baadaye alisimulia jinsi sentensi fupi ya kumkaribisha mke wa Roosevelt mezani ilivyokaribia kumshinda. Kisa ni ile M ya mwanzo kwenye "Mrs." Niliposoma hapo niliweka simu chini kwanza.

Miaka kumi baada ya M hiyo, alikuwa anabeba peke yake tamthilia nzima Broadway: The Great White Hope, akiigiza bondia Jack Jefferson, mhusika aliyechongwa kutoka kwa Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa dunia wa uzito wa juu. Ilimpa Tony, tuzo kubwa ya tamthilia za Broadway, mwaka 1969, na filamu yake ya mwaka 1970 ikamfanya mwanamume mweusi wa pili, baada ya Sidney Poitier, kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora. Tony ya pili ilikuja mwaka 1987 kwa Fences, tamthilia ya August Wilson, alipokuwa Troy Maxson, mzoa taka aliyewahi kuwa mchezaji hodari wa besiboli, baba asiyejua kumpenda mwanawe ila kwa kumpa chakula na amri. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Tena ni kazi ya mwili mzima: mabega, mikono, namna ya kusimama uani. Nani anaitaja leo kwenye rambirambi?

Wanamtaja Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars. Sawa. Mwaka 1977 David Prowse, Mwingereza, ndiye aliyevaa lile vazi jeusi, na Jones akaingia studio kwa saa chache akatia sauti, akalipwa dola 7,000, fedha alizoziona ni nzuri wakati huo. Katika filamu mbili za mwanzo aliomba jina lake lisiandikwe, kwa hoja kwamba yeye ni sehemu tu ya madoido ya kiufundi ya filamu. Watu huona huo ni unyenyekevu. Mimi naona alikuwa anamaanisha: kazi ya mwigizaji ni kitu kingine, na sauti iliyopitishwa kwenye mashine ni kitu kingine. Ndiyo maana sikushtuka nilipojua kwamba katika uzee wake aliridhia sauti hiyo itengenezwe kwa akili mnemba, na ikatumika hivyo mwaka 2022 katika Obi-Wan Kenobi, tamthilia ya televisheni ya Star Wars. Nilisoma malalamiko mengi. Naungana nayo pale mtu anapoibiwa sauti. Huyu aliombwa, akakubali akiwa hai na akili zake timamu, na alichokubali kutoa ni kile ambacho tangu mwanzo hakukihesabu kuwa ni yeye.

Mufasa, yule simba mfalme wa The Lion King, baba yake Simba, ni habari nyingine. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuliingia kwenye filamu ile ya 1994 kama tunaingia nyumba ya jirani: Simba, Rafiki, Shenzi, majina ambayo hayakuhitaji mkalimani. Na hapo Jones anaigiza kweli. Sikiliza anavyomkaripia Simba baada ya hatari ya fisi, halafu anavyoshuka taratibu hadi kukiri kwamba naye aliogopa. Huo mteremko ndio uigizaji. Malkia wake, Sarabi, ni Madge Sinclair, mwanamama yuleyule aliyekuwa mkewe katika Coming to America mwaka 1988, pale mfalme Jaffe Joffer alipotembea na ngozi ya simba begani. The Lion King ilipotengenezwa upya mwaka 2019 walibadilisha karibu waigizaji wote wa sauti. Mufasa alibaki yeye, akiwa na miaka 88.

Oscar ya heshima walimpa mwaka 2011. Alikuwa London, kazini jukwaani, na miaka yake 80. Wakamfuata hukohuko, mwigizaji Ben Kingsley akamkabidhi palepale ukumbini.

Kuna kipande kimoja cha video ambacho huwa nakirudia. Ni cha mwaka 1969, kipindi cha watoto cha Sesame Street kilipokuwa kinaanza. Jones, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya kuigiza yule bondia, anaitazama kamera na kutaja alfabeti. Herufi inatokea kando ya kichwa chake. Ananyamaza. Anaitamka. Ananyamaza tena, muda mrefu kuliko ambavyo mtangazaji yeyote angethubutu. Watafiti wa kipindi waligundua kwamba watoto wakiiona mara ya kwanza humfuatisha, wakiirudia husema pamoja naye, na wakiizoea humtangulia wakati yeye bado kimya. Jambo hilo wakalipa jina lake.

Hukiangalia peke yangu, mlango nimefunga. J, K, L. Halafu M inatokea kwenye kioo, naye ananyamaza, ananikazia macho, hana haraka. Siku nyingi namtangulia.